Nusu Kikombe

Mutheu alimmiminia babake chai nusu kikombe, kama alivyokuwa akifanya tangu mwaka jana, akakisukuma upande wa ukutani, mbali na ukingo wa meza. Yeye mwenyewe hakujimiminia. Aliketi kitandani, mkoba ungali begani, kama mtu aliyepita tu kuuliza njia.

"Baba, watu wa kina Ndete wamepanga siku. Jumamosi ya mwisho, mwezi ujao. Wanaleta mbuzi."

Nzivo akakishika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa mchonga vinyago, mikono mipana yenye makovu, na siku hizi ilikuwa ikitetemeka mpaka saa nne asubuhi, na baada ya hapo ilitegemea amepata nini cha kuituliza. Alisikia neno mbuzi akatabasamu. Hao walikuwa mbuzi wa ntheo. Mwanamume anaweza kutoa mahari mpaka abaki na shati moja, lakini kama hajaleta mbuzi wa ntheo, Mkamba hamhesabu binti yake kuwa ameolewa. Na anayesimama kuwapokea ni baba.

"Basi nitapaka hii nyumba rangi," alisema. "Viti nitaazima kanisani."

"Haitakuwa hapa. Ni kwa baba mdogo Kivuva, kule mtaa wa Umoja. Kuna uwanja."

"Sawa. Nitafika mapema."

Mutheu alitazama mlango. "Baba mdogo ndiye atapokea mbuzi."

Nje, mtu alikuwa akiburuta mtungi wa maji kwenye ngazi, gorofa baada ya gorofa, na wote wawili wakausikiliza kana kwamba una habari.

"Kwa nini Kivuva? Mimi nimekufa?"

"Unajua kwa nini."

"Sijui."

"Unajua, Baba."

Alijua. Mwezi wa nne Ndete, mchumba wa Mutheu, alipowaleta wazazi wake kujitambulisha, Nzivo alilala mezani, na kichwa chake kikapata mahali pa kuegemea: begani kwa mamake Ndete. Yule mama hakumwamsha. Alikaa wima saa nzima, sahani mkononi, akila kwa mkono wa kushoto ili asimsumbue. Mutheu hakuwahi kulisema jambo lile tangu siku hiyo, na hakulisema sasa. Alisimama, akamfungia babake kifungo cha shati kilichokuwa wazi, akaenda zake.

*

Ushauri haukumpungukia. Mchungaji alimwambia aikabidhi chupa kwa Bwana. Kivuva, mdogo wake, karani mstaafu mwenye geti la chuma na maua kwenye makopo, alimwambia aige mfano, na hakusema mfano wa nani kwa sababu alikuwa amesimama hapo hapo. Phelister, mlinzi wa ploti alikopanga Nzivo, aliyekusanya kodi na habari kwa bidii sawa, alimwambia mjomba wake aliacha kwa kunywa maji ya mchele. Kwenye karakana ya Kariobangi alikofanya kazi walimnyang'anya tezo wakampa msasa, akae na vijana wanaojifunza, alainishe vifaru vilivyochongwa na wengine. Kila kinyago kiliandikwa chini namba ya aliyekichonga. Namba ya Nzivo haikuwa imeandikwa chini ya kitu chochote tangu Krismasi.

Kila mmoja alipomwambia aache, Nzivo aliitikia. "Ni kweli. Ni kweli kabisa." Halafu alikuwa akihisi kiu ya namna ambayo hakuwa nayo kabla ya kushauriwa, na miguu ilijua njia ya kilabuni kwa Makau.

Mtu wa kwanza ambaye hakumshauri alikuwa Mukai, tabibu wa zahanati, mwanamke mfupi mwenye sauti ya uchovu. Nzivo alikwenda kwa ajili ya tumbo. Mukai alilibonyeza, akauliza anakunywa kiasi gani, akaandika jibu bila kuinua uso.

"Nikugombeze?" aliuliza.

"Kama ni lazima, daktari."

"Nikikugombeza utaitikia, kisha utaenda kunywa. Si ndivyo?"

Nzivo alicheka kabla hajajizuia.

"Usikate ghafla, mwili wako utakuangusha. Punguza, na uje nikuone kila Jumatatu. Lakini unahitaji mtu wa kuongea naye. Kuna namna fulani ya kuongea, wanaiita motivational interviewing. Huyo mtu hakusukumi. Anakuuliza, anakusikiliza, mpaka unajisikia mwenyewe unachotaka. Hapa hatuna. Tafuta kwenye mtandao, wako wanaofanya kwa simu."

Aliliandika jina hilo refu nyuma ya kadi. Nzivo alipofika mlangoni, akamwita.

"Mzee. Watu wengi wanaliandika hilo jina kwenye tangazo na hawalijui. Ukimpata mtu, muulize hivi: nitaacha lini? Akikutajia siku, mshukuru, ukate simu."

"Na yule wa kweli atasema nini?"

"Sijui. Lakini hatakutajia siku."

*

Ilwad alikuwa na duka la simu na kompyuta nne kando ya barabara, mkabala na wauza mitumba. Msichana wa miaka ishirini na ushei, buibui jeusi, vidole vyepesi kuliko vya mtu yeyote ambaye Nzivo aliwahi kumwona akifanya kazi. Dukani kulikuwa na watu watano. Nzivo alisimama akiwa ameifunika kadi kwa kiganja.

"Niaje mzee, nikusaidie?"

"Natafuta daktari. Kwa mtandao."

"Daktari wa nini?"

Watu watano wakawa kimya, au yeye ndiye aliyewasikia kimya.

"Wa mbuzi," alisema.

"Mbuzi yako inaumwa nini?"

"Inakunywa."

"Inakunywa maji mingi?"

"Si maji."

Mteja mmoja akageuka. Alikuwa Burale, mfanyabiashara wa mbuzi kule Kiamaiko, kofia na ndevu zilizotiwa hina, na hakuna jambo la mbuzi lililompita. "Inakunywa mpaka usiku?"

"Mpaka usiku."

"Halafu inaanguka?"

"Wakati mwingine."

"Na kula?"

"Kula hapana."

"Hiyo chinja," alisema Burale kwa huruma ya kweli. "Wallahi usipoteze pesa. Mbuzi ikifika hapo hairudi. Chinja leo ingali na nyama."

Watu wakacheka. Nzivo pia alicheka, maana afanye nini. Ilwad hakucheka. Alikuwa akiitazama kadi, ambayo kiganja kilikuwa kimeisahau, na mkono uliokuwa ukiitetemesha.

"Mzee, njoo kwa hii kompyuta ya nyuma," alisema. "Wengine nipeni dakika kumi." Alipomkalisha akauliza chini chini, bila kumtazama, "Hiyo mbuzi iko na miaka ngapi?"

"Hamsini na tisa."

"Basi bado," alisema Ilwad, akaanza kuandika.

Walipata majina mengi. Wa kwanza alikuwa ng'ambo, koti jeupe na meno, na malipo yake yalikuwa kwa dola. Ilwad alimpita bila hata kuuliza. Wa pili alikuwa Nairobi, na alitoa robo saa ya bure. Wakampigia pale pale, Nzivo akiwa na vidude vya Ilwad masikioni. Mtu yule alizungumza kuhusu ini. Akazungumza kuhusu ubongo, kuhusu akina baba walioangamiza vizazi, kuhusu nidhamu. Zilipobaki dakika mbili Nzivo akapata mwanya.

"Nitaacha lini, daktari?"

"Siku ishirini na moja! Ukinifuata, siku ishirini na moja."

"Asante," Nzivo alisema, akabonyeza.

Wa tatu alitaja siku tisini. Wa nne hakushika simu. Ilikuwa siku ya tatu ya Nzivo kwenye ile kompyuta ya nyuma, na watu walikuwa wameanza kumuuliza hali ya mbuzi, ndipo Ilwad alipopata tangazo fupi lisilo na picha ya mtu akitabasamu. Amolo, Kisumu. Huzungumza Kiswahili, Dholuo, Kiingereza. Bei yake ilikuwa kama ujira wa siku mbili za kupiga msasa.

"Naitwa Amolo," sauti ilisema. "Karibu, Mzee Nzivo. Umepiga leo, si jana wala kesho. Nini kimekufanya upige?"

Nzivo hakuwa amejiandaa kuulizwa. Alikimbilia swali lake. "Nitaacha lini?"

Kisumu kukawa kimya. Si kimya cha mtandao, alisikia jogoo.

"Hilo swali umelibeba kutoka mbali," Amolo alisema. "Ukiliuliza, wewe mwenyewe unatamani jibu liwe nini?"

Nzivo akamtazama Ilwad, akaitikia kwa kichwa. Ilwad akapiga meza ngumi moja ndogo, kama mtu aliyefunga bao, akaenda kuhudumia wateja.

*

Sasa mtu apate wapi mahali pa kuongea peke yake? Chumba cha Nzivo kilitenganishwa na jirani kwa ukuta ambao mtu akipiga chafya upande huu, upande ule wanamwambia pole. Karakana ilikuwa na vijana. Kwa hiyo kila Alhamisi saa kumi alipanda juu ya paa la ploti, penye matangi ya maji na kamba za nguo, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kati ya mashuka ya watu, akangoja simu.

Alhamisi ya kwanza Amolo alimuuliza mazuri ya pombe. Nzivo alidhani ni mtego.

"Mazuri?"

"Hakuna mtu anayefanya kitu miaka kumi kama hakimpi chochote."

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akamwambia. Kwamba kwa Makau wanamwita fundi. Kwamba tangu mkewe afariki, jioni huwa ndefu, na ile redio inaongea lakini haimjibu mtu. Alizungumza muda mrefu, na shuka la mtu likampiga usoni mara mbili asijue.

"Na upande mwingine?"

Akamwambia habari ya mbuzi wa ntheo, na bega la mamake Ndete. Amolo hakusema pole, hakusema ole. Alisema, "Unataka usimame pale kama baba." Basi. Maneno yake mwenyewe Nzivo, ila hakuwa ameyasema.

"Kutoka sifuri mpaka kumi," Amolo aliuliza, "unaona unaweza kiasi gani?"

Nzivo alifikiri ataje kumi kama anavyomtajia mchungaji. Kisha akaona aibu kumdanganya mtu aliyemsikiliza hivyo. "Nne."

"Kwa nini nne, si mbili?"

Alitegemea kuulizwa kwa nini si kumi. Hilo alikuwa na majibu yake. Tangi likadondosha tone, na lingine, na lingine.

"Mtandao unakatika," alisema, na mtandao ulikuwa mzima kabisa, akaizima simu.

Wiki nzima alitembea na lile swali. Alilainisha vifaru nalo. Alilala nalo. Jumapili Mutheu alipita kumpima babake koti, akamimina chai, na Nzivo akakitazama kikombe mpaka binti akauliza, "Kuna nzi?"

"Hakuna."

Alhamisi hakungoja salamu. "Lile swali lako. Mtoto wangu ananimiminia chai nusu kikombe."

"Nusu."

"Ili nisimwage. Nilikuwa naiona kama tusi. Lakini angekuwa amekata tamaa na mimi, si hangemimina kabisa? Anaketi pale, anapima kiasi ambacho babake anaweza kukifikisha mdomoni. Ndiyo maana ni nne."

"Nimekusikia, Mzee," Amolo alisema. "Nimekusikia sana."

*

Lakini si Amolo peke yake aliyesikia. Phelister alipanda kuanua shuka lake, akakuta mzee wa watu kwenye ndoo, macho yamejaa maji, na simu inamwambia kwa sauti ya mwanamke nimekusikia sana. Akateremka taratibu na shuka lake bichi. Kufikia jioni ploti nzima ilijua Mzee Nzivo ana mwanamke kwenye simu. Kufikia Ijumaa, Umoja walijua.

Kivuva alikuja na kofia yake, akakataa kuketi. "Kaka, mwezi wa binti kuolewa, ndio unatafuta wanawake?"

Nzivo alifungua mdomo, akaupima ukweli. Aseme nini? Kwamba kuna mtu anayemlipa aongee na kichwa chake? Kwa Kivuva mtu wa namna hiyo alikuwa na jina moja, na nyumba yake ni hospitali ya Mathari. Mzee mwenye mwanamke watu humcheka. Mzee mwenye kichaa hakaribishwi wakwe wakija.

"Hata mimi ni mwanamume," alisema.

"Umezeeka bila kukua," Kivuva alisema. "Siku ile ukae nyuma, kando ya mlango. Na usimlete."

Mutheu alipiga simu jioni. Hakugomba. "Ni kweli, Baba?" Nzivo akanyamaza, na binti akachukua kimya kile kuwa jibu. "Sawa," alisema, akakata. Nzivo alitoka akaenda kwa Makau.

Alhamisi alimwambia Amolo. Alijikunyata kwenye ndoo kama anayengoja fimbo.

"Ulikunywa ngapi?"

"Mbili."

"Zamani, siku kama ile, zingekuwa ngapi?"

"Zamani leo usingenipata."

"Nini kilikusimamisha kwenye mbili?"

Akafikiri. "Niliona nitalazimika kukwambia." Kisha akasema, "Hapana. Niliona Jumamosi ile iko karibu."

"Kuna mtu yeyote huko anayejua unachokifanya?"

"Tabibu wa zahanati. Na msichana mmoja wa duka, yeye anadhani... hapana, yeye anajua."

"Ungependa nani mwingine ajue?"

Nzivo alitazama mashuka. "Muda umeisha," alisema, na safari hii ulikuwa umeisha kweli.

*

Jumamosi alifika Umoja amevaa koti, hajanywa tangu Jumapili. Hakuna aliyemnusa kwa siri, walimnusa waziwazi. Mke wa Kivuva alimkumbatia ili apate kumnusa vizuri. Mbuzi watatu walifungwa kwenye geti, wakubwa, wamechaguliwa Kiamaiko na mtu anayejua. Nzivo alikaa sebuleni kando ya mlango, mahali alipoambiwa, na kutoka hapo aliona mgongo wa Kivuva ukisimama, ukiwapokea mbuzi wa binti yake, ukisema maneno ambayo yeye alikuwa ameyakariri mwezi mzima mbele ya matangi ya maji.

Kisha kibuyu kikaanza kuzunguka. Uki, pombe yetu ya asali. Wazee wa pande zote mbili huonja kutoka kibuyu kimoja. Alikuwa amezungumza na Amolo juu ya dakika hiyo kuliko jambo lingine lolote. Atakishika, atakipitisha kwa mwenzake, atasema neno lake. Alikisikia kikikaribia, alisikia harufu. Kivuva alionja, mzee wa pili akaonja, wa tatu akakinyoosha kuelekea mlangoni, na Kivuva akainuka, akakidaka juu ya kichwa cha kaka yake.

"Huyu tumruke," aliwaambia wakwe, akicheka kidogo. "Msituhesabie ubaya."

Wakwe wakacheka kidogo nao, kwa adabu. Mamake Ndete alitazama mikono yake mwenyewe.

Mwezi mzima Nzivo alikuwa amejiandaa kukataa, na sasa hata kukataa kwenyewe wamemkatalia.

"Nipe," alisema.

"Kaka, tusiaibishane."

"Nimesema nipe kibuyu."

Mutheu alikuwa kwenye mlango wa jikoni na sinia, na hakusogea. Nzivo alinyoosha mikono akakichukua. Mikono ilitetemeka, pombe ikaruka ukingo, ikamlowesha suruali kwenye goti. Alikishika hapo. Hakukileta kinywani wala hakukiharakisha. Kisha akamgeukia baba yake Ndete.

"Mkwe, onja. Mimi leo sinywi."

Baba yake Ndete akakipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaonja. Labda kungefuata neno. Labda mtu angekohoa tu. Lakini mke wa Kivuva alipiga ukelele kutoka uwanjani: mbuzi mmoja amekata kamba anakula maua yake! Na watu wote wakatoka mbio, Kivuva mbele, na mazungumzo yaliporudi yalikuwa ya kamba, na mbuzi, na maua.

*

Nzivo alikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, suruali ikimnukia asali. Alitaka kumwambia mtu. Alitoa simu akaitazama, akairudisha. Alhamisi ilikuwa mbali.

Mutheu alitoka na chupa ya chai na kikombe. Alisimama nyuma yake kwa muda.

"Yule mwanamke hukumleta."

"Hawezi kuja. Yuko Kisumu."

"Anakupenda?"

"Ananilipisha."

Mutheu alishuka ngazi moja. "Mwanamke gani analipisha mtu kuongea naye?"

"Si mwanamke wa hivyo. Ni kama daktari. Wa mambo ya pombe. Nilimtafuta kwa mtandao siku tatu."

Uwanjani walikuwa wakimchinja mbuzi wa kwanza, na watu walikuwa wakibishana nani ashike miguu.

"Anakwambia nini?"

"Haniambii. Ananiuliza."

"Amekuuliza nini?"

"Kwa nini nne, si mbili."

"Nne ya nini, Baba?"

Nzivo aligeuka amtazame. Jibu lilikuwa tayari. Lilikuwa limekaa kwenye mkono wake binti, limeshika kishikio cha chupa ya chai. Alifungua mdomo.

"Mutheu!" Kivuva aliita kutoka ndani. "Mutheu, bibi harusi! Wakwe wanakutaka!"

"Nakuja!" Aliinama akaanza kumimina. Chai ilifika nusu, na mkono wake ukasita pale kwa mazoea. Alitazama goti lililolowa la babake. Kisha akaendelea kumimina, kidole kizima zaidi, akakiweka kikombe kwenye ngazi.

"Utaniambia siku nyingine," alisema, akakimbilia ndani.

Nzivo alibaki na ngazi. Alisikia vigelegele vikianza mbele ya nyumba, na sauti ya Kivuva ikiwa juu ya zote. Alikitazama kikombe mpaka mvuke ulipopungua. Jumapili, alihesabu, Jumatatu kwa Mukai, Jumanne, Jumatano. Akakiinua kwa mkono mmoja. Kikamwagika kidogo kwenye lile goti lililokuwa limelowa tayari, naye akaendelea kunywa.